Filta za mraba za mm 100 kwa picha za macheo mwambani: uzoefu wangu

Seti ninayoizungumzia ina kishikio cha alumini chenye mifereji miwili, ringi ya mm 77 ya kufungia kwenye lenzi, na filta tatu. Mbili ni za GND, yaani nyeusi juu na tupu chini: moja yenye mpaka laini, stopu 3 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu; imeandikwa 0.9), na nyingine ya kinyume, ambayo weusi wake mkubwa uko katikati na hufifia kadiri unavyopanda. Ya tatu ni nyeusi kote, stopu 6 (1.8). Chapa siitaji. Ni ya bei ya kati, na seti za daraja hili zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Nimeitumia zaidi kwenye mawe ya matumbawe ya Oysterbay, Dar es Salaam, upande wa Coco Beach, na mara chache Michamvi Pingwe, Unguja. Anayetaka jibu la haraka: nunua kishikio na ile GND laini, hizo nyingine zinaweza kusubiri.

Sababu kubwa ni kasi ya mwanga wa kwetu. Mafunzo mengi ya macheo yanatoka Scotland au Norway, ambako jua huchomoza kwa mshazari na rangi hudumu angani muda mrefu. Huku karibu na ikweta jua linapanda karibu wima. Kutoka kweupe kuanza hadi jua kuchungulia ni kama dakika 22 tu, na duara zima linatoka majini kwa dakika mbili na ushee. Baada ya hapo linapanda nyuzi 1 kila dakika 4. Nikiwa na mpangilio wa kamera wa f/11 na ISO 100, mwanzoni mwa muda huo shata hukaa wazi kama sekunde 6. Jua likichomoza nimeshafika robo sekunde. Hizo ni karibu stopu 5 ndani ya dakika 20. Kila sekunde unayopoteza ukibadilisha filta gizani inaonekana kwenye picha, na ndiyo maana seti hii naipima kwa saa kabla ya kuipima kwa ubora wa filta zenyewe.

GND laini inafanya kazi yake. Jua likiwa kwenye mstari wa bahari, anga huzidi mawe kwa stopu 4 au 5. Filta inakula 3, na zinazobaki RAW (faili ghafi la kamera) inazibeba bila chenga nyingi vivulini. Kuna wanaosema bahari ina mstari ulionyooka kwa hiyo uchukue yenye mpaka mkali. Oysterbay hilo halifanyi kazi ukiinama chini: mwamba ulio mbele yako unapanda juu ya mstari wa bahari, na kichwa chake kinakatwa na weusi kama kimepakwa masizi. Mpaka laini unaficha hilo. Kuuweka mahali pake, washa skrini ya nyuma, shusha filta polepole hadi uone mawe ya mbali yameanza kuwa meusi, kisha ipandishe mm 3 au 4. Ukiisukuma kwa haraka hutaona mpaka uko wapi. Jicho linaukamata mpaka huo ukiwa unasogea taratibu.

Ile ya kinyume ina dakika kama kumi za uhai. Jua likishapanda kidogo, sehemu yake nyeusi zaidi iko chini ya jua, na matokeo yake ni utepe wa kijivu baharini wakati jua lenyewe limeungua. Tena asubuhi nyingi kuna mawingu mafungu mafungu kwenye upeo, jua halionekani kabisa hadi lipande juu yake, na hapo filta haina kazi tena. Kwa pesa yangu, hapana.

Ile ya stopu 6 inageuza robo sekunde kuwa sekunde 16. Bahari inakuwa kama moshi. Wapo wanaopenda, mimi naona mawe ya matumbawe yenye ncha na mashimo yanataka maji yenye nyuzi, na nyuzi zinapatikana kati ya nusu sekunde na sekunde moja, ukifyatua wimbi likianza kurudi, si likipanda. Likipanda unapata povu lisilo na umbo. Likirudi, kila shimo la mwamba linamwaga maji yake na unapata mistari myeupe inayoongoza jicho kwenda kwenye jua. Sekunde 16 zinafuta hayo yote. Pia meli zinazosubiri zamu ya bandari, ambazo hukosi kuziona nje pale, huyumba kwenye nanga na kutoka na taa mbilimbili. Na filta hii inaacha rangi ya kahawia-zambarau kwa sababu inazuia mwanga wa kawaida kuliko infraredi. Dawa: piga picha moja bila filta, chukua mizani yake ya rangi (white balance), iweke kwenye picha zenye filta, halafu punguza magenta kwa jicho. Inasaidia, ila haiponi kabisa kwenye povu.

Tatizo ambalo maelezo ya bidhaa hayalisemi ni miangwi ya jua. Filta mbili zikiwa kwenye kishikio na jua likiwa ndani ya fremu, mwanga unagonga filta na kurudi, na unapata vidoa vyekundu vinavyoshuka kutoka kwenye jua hadi kwenye mawe. Filta moja inapunguza, haimalizi. Ninachofanya ni kupiga picha mbili mfululizo bila kugusa tripodi: ya kwanza kawaida, ya pili nimeziba jua kwa kidole mbele ya lenzi. Kwenye ya pili mawe yanatoka safi. Baadaye naziweka GIMP, programu ya kuhariri picha, kama tabaka mbili na kufuta nusu ya chini ya ile ya kwanza kwa maski (kinyago kinachoficha sehemu ya picha) yenye mteremko. Mawimbi hayatafanana, kwa hiyo maji yote yatoke kwenye picha moja. Mpaka wa maski upite kwenye mstari wa bahari.

Kishikio kina kasoro zake. Kwenye lenzi ya mm 16 ya fremu kamili kinaonekana pembeni, pembe nne nyeusi. Kuanzia mm 18 hakionekani tena. Mifereji ni migumu ikiwa mipya, na chumvi ikiingia inakuwa migumu zaidi.

Maji yana nguvu kuliko filta yoyote katika seti hii. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, na siku moja mbili baadaye, maji hujaa kati ya saa 10 na 11 alfajiri na kupwa katikati ya asubuhi. Maana yake jua likichomoza maji yanashuka, mwamba umelowa, na kila wimbi linaacha maporomoko madogo. Hizo ndizo asubuhi za kwenda Oysterbay. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi ambapo maji hujaa na kupwa kidogo, ni kinyume: yanakupwa karibu saa 10 alfajiri na macheo yanakukuta yanapanda. Mawimbi ni dhaifu, na hatari ni kubwa, kwa sababu maji huingia kupitia mifereji iliyo nyuma yako ukiwa umekodolea macho skrini. Ukitaka mwamba mkavu wenye vidimbwi vya kuakisi anga, hesabu siku mbili au tatu baada ya maji mafu, kwa kuwa saa ya kupwa husogea kama dakika 50 kila siku. Michamvi, lile jabali lenye mkahawa linataka maji yaliyojaa. Yakishapwa linabaki limekaa mchangani na picha inakosa maana. Jua nalo linahama: Juni linachomoza upande wa kaskazini-mashariki, Desemba kusini-mashariki, tofauti ya karibu nyuzi 47. Mwamba uliopangika vizuri Juni, Desemba jua halitakuwa nyuma yake.

Jambo lingine la huku ni ukungu wa lenzi. Kamera iliyolala kwenye chumba cha kiyoyozi ikitolewa ufukweni inatoa jasho papo hapo, na filta inatoa jasho mbele na nyuma. Usiifute, itarudi. Funga begi, litoe nje ya chumba dakika 40 kabla, lipate joto likiwa limefungwa. Kwa saa ya kufika saa 11:45, hiyo ni saa 11:05 begi liko kibarazani.

Kuhariri natumia darktable, ni bure na inasoma RAW za kamera nyingi. Kazi ya kwanza ni kwenye kamera: histogramu (grafu ya mwanga wa picha) inayoonyeshwa ni ya JPEG, si ya RAW, na kwenye macheo rangi nyekundu ndiyo inayoungua kwanza, wakati ile ya jumla bado inaonekana salama. Washa histogramu ya rangi tatu na upunguze hadi nyekundu iache kugonga ukuta wa kulia, isipokuwa kwa jua lenyewe. Ukipuuza hilo, jua linazungukwa na bamba la njano lisilo na mteremko, lenye ukingo kama wa chapati, na hakuna moduli (zana ya darktable) itakayolirudisha.

Kwenye darktable naanza na moduli ya exposure (mwangaza wa jumla) nikiangalia mawe, si anga: napandisha hadi mwamba usomeke. Anga litaonekana limeungua, liache. Halafu sigmoid, moduli inayobana mwanga utoshee kwenye skrini, kontrasti iliyopo nikiishusha kidogo. Hapo anga linarudi lenyewe kwa sehemu kubwa. Kisha tone equalizer, nashusha mwanga wa juu kwa kama stopu 1 na kupandisha vivuli kwa nusu. Chaguo la kuhifadhi maelezo (preserve details) lisiwekwe "no", la sivyo mwamba unabaki bapa kama karatasi. Mizani ya rangi ndipo wengi wanapoharibu. Kompyuta ikiachwa ichague yenyewe itaondoa dhahabu yote kwa kudhani ni kosa. Naiweka karibu na ya mchana, kama 5200 K, na nikiona mawe yamekuwa ya machungwa napoza nusu ya chini tu kwa maski ya mteremko. Matumbawe ni ya kijivu. Yakiwa kijivu cha baridi chini ya anga ya moto, picha inasimama. Saturesheni ya jumla siigusi.

Kama huna hela ya seti, piga tatu tatu kwa tofauti ya stopu 2 na uchukue anga kutoka kwenye nyeusi, mawe na maji kutoka kwenye ya kati. Kwa anga tupu matokeo ni yaleyale. Yanakushinda pale ambapo wimbi linarukia juu ya mstari wa bahari, maana nusu ya wimbi iko kwenye picha moja na nusu kwenye nyingine. Hapo ndipo filta ile moja inapolipa gharama yake.

Utunzaji: zangu ni za rezini, hazivunjiki zikianguka mwambani lakini zinakwaruzika ukizitazama tu. Rasharasha za bahari zikikauka usipitishe kitambaa kikavu, chumvi ni msasa. Beba chupa ya kupulizia yenye maji baridi yasiyo na chumvi, pulizia, yaache yachuruzike, ndipo ukaushe kwa maikrofaiba. Miguu ya tripodi ifungue uisuuze ndani. Ringi ikigoma kutoka kwenye lenzi ni chumvi kwenye hesi. Usiibane kwa nguvu pande mbili, inakuwa yai na kukaza zaidi. Zungushia mpira mpana, ishike kote kwa usawa, na uizungushe polepole.