Mabomba ya nyumba mpya: raba ya baiskeli ndani ya ukuta

Nyota moja, na hiyo ni ya mabomba ya maji machafu, ambayo sina ugomvi nayo. Kilichonichefua ni laini ya maji safi bafuni. Rangi ilianza kuvimba na kubanduka miezi michache tu baada ya kukabidhiwa funguo. Aliyeniuzia nyumba akajibu kwenye simu: "Bosi, ukuta mpya lazima utoe jasho." Jasho! Jasho gani linazungusha mita usiku, koki zote zimefungwa na tanki limejaa pomoni? Unyevu ukija unapooga tu, shuku bomba la maji machafu au upenyo kati ya vigae. Ukiwepo saa zote, ni laini yenye presha.

Vigae vilipong'olewa chini ya koki ya shawa, ikaonekana elbo (kiungo cha kona) ya nusu inchi ya PPR, yale mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa kuyeyushwa kwa moto, imeviringishwa raba ya tyubu ya baiskeli, ikakazwa kwa baindingi waya, ikapigwa plasta juu. Yaani waliiona inavuja, wakaizika hivyo hivyo.

Elbo moja si sababu ya kubomoa bafu. Gundi haishiki kwenye PPR, kwa hiyo usipoteze hela. Kata, uchome nyingine. Chimbua ukuta sentimita 30 hadi 40 ili ncha za bomba zipate pa kusogea, futa maji yaishe kabisa maana hata tone moja linaharibu uchomeleaji. Mashine ya kuchomelea iwe nyuzi 260. Bomba la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha sukuma moja kwa moja bila kusokota na ushikilie mpaka ligande.

Ningeishia hapo, kama elbo ile isingepasuliwa katikati. Upande mmoja bomba limeingia nusu tu ya kina chake. Upande wa pili limeungua kupita kiasi, donge la plastiki likabakiza kitundu cha kupita njiti ya kiberiti. Mkono uliochoma hiyo ndio uliochoma zote! Na zilikaa kimya kwa sababu tanki liko kwenye mnara wa mita 6, ambao unatoa presha ya bar 0.6 tu. Pampu ya kuongeza presha ikiwekwa, ikaleta bar 3, ndipo aibu inapotoka.

Kwa hiyo usikisie, pima. Chomoa hita na hozi za vyoo, ziba matokeo yote kwa plagi, jaza maji huku ukitoa hewa, pampu ya mkono ipandishe hadi bar 10. Geji ya presha itashuka kidogo mwanzoni kwa sababu PPR inatanuka; pandisha tena, halafu iache. Jikoni ilisimama palepale. Bafuni ilishuka mbele ya macho. Basi bafu libadilishwe lote, jikoni paachwe.

Ila hapana, hata jikoni si pote pa kuachwa. Laini ya maji moto ya huko imechapwa PN10 ubavuni, yaani daraja la presha ambayo bomba linahimili. Hiyo ni ya maji baridi; ya moto inatakiwa PN20. Hata kama leo haivuji, ing'olewe, na aliyeiweka asiniletee habari za bajeti.

Si lazima kuchimba kuta zote. Pitisha laini mpya juu ya dari, ishuke bafuni kwa mfereji mmoja, zile za zamani zizibwe ncha zote mbili na zifie ukutani. Kipande kitakachopita nje kwenye jua kivishwe kava, maana jua linaikausha PPR mpaka inakuwa ya kuvunjika. Piga picha kila kiungo huku futi ikiwa imewekwa pembeni. Na plasta isiguse ukuta kabla geji haijakaa kwenye bar 10 ukiiangalia mwenyewe, fundi anune asinune.