Facebook, TikTok, WhatsApp: nilijaribu zote juu ya vikwembe vyangu

Mi nauza vikwembe (vitenge) hapa Lubumbashi, Congo, meza yangu iko soko ya Kenya, komine ya hapa, si ile nchi, na sasa ni mwaka na nusu najaribu mitandao, kwa hiyo naandika juu kila siku kuna dada ananiuliza aanzie wapi.

Mi nilianza na Facebook. Mtoto wa dada yangu alinitengenezea page nzuri, akaniambia mama mdogo weka pesa kidogo ipande, nikaweka dola 20 kwa karte ya shemeji. Ikapanda kweli! Laiki 600 na kitu kwa siku tano, nikajua sasa njo nimetoka. Kufungua komantere: "ntalo boni?" (bei gani?), "mama, ntalo boni?", Lingala juu ya Lingala, watu wa Kinshasa wote, na kutoka kule mpaka huku ni zaidi ya kilomita 1,500, nani atalipia yadi 6 tiketi ya ndege? Kosa ilikuwa yangu, pale wanakuuliza tangazo ionekane wapi niliacha Congo yote. Sikuuza hata yadi moja. Kama utaweka pesa, andika mji wako kwanza, na anza na dola 2 au 3 uone.

Instagram sikukaa. Ukiuza nywele ama meki-apu kwa wasichana wa chuo labda, lakini wamama wangu wa Katuba na Kamalondo hawako kule.

TikTok ilinifurahisha, nisiseme uongo. Nilijipiga video nikikunja vikwembe huku nikisema bei, ikaonwa mara 11,000, mi mtu wa soko! Ila waliokuja wengi ni wa Dar na Nairobi, mmoja anauliza "mnatuma mkoani dada?", mwingine anacheka Kiswahili yangu, eti nimeongea lugha gani. Nikacheka na mi. Niliuza vikwembe viwili tu, wote wawili watu wa hapa hapa. Na video inakula mega, wateja wangu wengi wananunua forfe (bando) ndogo ya WhatsApp basi, ukiwatumia linki ya video hawafungui.

Sasa WhatsApp Business, hapa njo niko. Ni bure, ila namba moja haiwezi kukaa ku WhatsApp ya kawaida na ku hii pamoja, mi nikanunua sim ingine ya biashara. Kitu imenishika ni odio. Kwetu hakuna mtu ananunua kikwembe bila kubishana bei, na ku komantere utabishana namna gani mbele ya watu wote? Juzi saa tatu ya usiku mama mmoja amenitumia odio, nyuma nasikia mwiko inapiga sufuria, anasonga bukari (ugali): "Mama, ile ya manjano njo bei yake ya mwisho? Mi niko na kumi na nane tu, ya mshonaji nitatosha wapi?" Mi nikamjibu na odio, nikalia kidogo na mi, tukaenda hivyo odio tano sita mpaka dola 21, akatuma avansi kwa M-Pesa, asubuhi mtu wa pikipiki akapeleka. Hiyo ni soko kabisa, ila umelala kitandani.

Katalogi nayo iko, unaweza kuweka vitu mpaka 500, mi niko na 60 hivi na nasahau kutoa vyenye vimekwisha, uvivu wangu. Picha uzipige asubuhi mlangoni! Nilipigaga moja usiku chini ya ampule, kijani ikatoka bluu, mteja akakataa mzigo mbele ya mlango wake, pikipiki nikalipa kwenda na kurudi. Sasa naweka shati nyeupe ya shule ya mtoto pembeni ya kikwembe, nikiona shati imekuwa ya njano kwa picha najua rangi imedanganya, narudia.

Kitu ingine chenye sikujua: ile lista ya kutumia watu wengi mara moja inaenda mpaka watu 256, lakini mesaji inafika tu kwa mwenye ameandika namba yako kwa telefone yake. Nilituma kwa watu 200, wakajibu saba, nikafikiri wananichukia kumbe haikuwafika. Sasa mteja akilipa mezani namwambia andika namba yangu hapa hapa nione, mwingine ananiandika "Mama Vikwembe", mwingine "Wa Bei Kali", sawa tu.

Na namba za wateja mi naandika ku kaye (daftari) pia. Facebook, Instagram na WhatsApp zote ni za nyumba moja, Meta, na tarehe 4 Oktoba 2021 zilianguka pamoja kwa muda wa masaa karibu sita dunia yote. Na sisi wa Congo tunakumbuka kisha uchaguzi ya Desemba 2018, intaneti ilikatwa karibu wiki tatu nzima. Simu ya kawaida ilikuwa inaita lakini. Kaye yangu sasa iko na namba 143, ila tatu aliandika mtoto, siwezi hata kuzisoma.