New Philadelphia na Nicodemus: miji miwili ya Weusi mashambani Marekani

New Philadelphia, Illinois, ulianza na mtu mmoja. Frank McWorter, aliyezaliwa utumwani, alichimba shura ya kutengenezea baruti kule Kentucky, akajiwekea akiba. Mwaka 1817 alimkomboa mkewe Lucy, na miaka miwili baadaye akajikomboa mwenyewe. Mwaka 1836 alipima mji wa viwanja 144, akaviuza kwa Weusi na Weupe, na fedha hizo zikaendelea kuwakomboa wanawe na wajukuu. Angalia mpangilio wake: mke kwanza, yeye baadaye. Nadhani sababu ni kwamba watoto walifuata hali ya mama, hivyo mtoto wa Lucy huru angezaliwa huru.

Nicodemus, Kansas, ulianzishwa mwaka 1877, baada ya utumwa kufutwa. Hapa palikuwa na kampuni ya kuanzisha mji, ya mchungaji Mweusi W. H. Smith na dalali wa ardhi Mzungu W. R. Hill, waliowavuta Weusi wa Kentucky kwa matangazo. Waliofika walikuta nyika tupu na moshi ukitoka ardhini, kwani wenzao waliishi kwenye mashimo waliyochimba. Baadhi walirudi. Waliobaki walisaidiwa chakula na wawindaji wa Osage, kabila la wenyeji asilia wa Marekani.

Reli iliikwepa miji yote miwili. New Philadelphia ulikwisha, ukawa mashamba. Nicodemus ulipungua sana, lakini bado una wakazi, na kila Julai wazao wa waanzilishi hurudi kusherehekea. Kwa ujasiri wa kuanza, mimi namweka McWorter mbele. Kwa kung'ang'ania ardhi, Nicodemus hauna mpinzani.