Nakala za michoro ya dhahania: ipi itundikwe sebuleni Lubumbashi

Picha ya mtu ikififia, bado utamtambua. Mchoro wa dhahania hauna mtu wala mti. Rangi ikiondoka, hakuna kilichobaki. Nilinunua nakala ya Kandinsky, mchoraji Mrusi wa dhahania, hapa mjini, nikaitundika mkabala na dirisha la kaskazini, upande unaopitisha jua letu la Juni na Julai. Kabla mvua hazijarudi, wekundu wake ulikuwa umepauka. Kwa hiyo siku hizi naulizia wino kabla ya bei.

Ya kwanza kwangu ni nakala ya wino wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) juu ya karatasi ya pamba tupu isiyo na asidi. Pigmenti huvumilia mwanga kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa, na pamba haina lignini, ile kemikali ya mbao inayofanya magazeti ya zamani yawe ya njano. Uliza pia kama karatasi imetiwa dawa ya kuing'arisha, maana dawa hiyo ikichoka weupe hubadilika. Bei yake ni kubwa, lakini ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote.

Ya pili ni wino huohuo juu ya turubai ya pamba yenye vanishi. Haihitaji kioo. Ila vumbi letu la kiangazi hujificha kwenye nyuzi, na miraba ya Mondrian, yule mchoraji Mholanzi, inayotaka rangi tulivu, hupoteza utulivu wake juu ya kitambaa.

Bango la ofseti, lile la kupigwa chapa kwa wingi kiwandani, ni la tatu: linafaa koridoni, mbali na jua.

Ya mwisho kabisa ni plastiki ya matangazo. Nukta zake za wino ni kubwa, zimekusudiwa mpita njia, si mtu aliyeketi hatua mbili kutoka ukutani.

Ukichapisha mwenyewe, nakala ya sentimita 40 kwa 60 inataka faili la pikseli kama 4,700 kwa 7,000. Iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida haifiki hapo. Kwenye kadre (fremu), dai paspatu, yaani ukingo wa kadibodi, isiyo na asidi ili karatasi isiguse kioo; unyevu wa Januari huvigandisha pamoja.

Kabla ya kuagiza nje, watembelee wachoraji wetu. Mji huu ulikuwa na karakana ya uchoraji ya Le Hangar tangu 1946, ambako mchoraji Bela Sara alipaka rangi kwa vidole. Kazi halisi ya kijana aliyetoka shule ya sanaa huenda ikalingana bei na nakala ya kuagizwa pamoja na usafiri wake.