Kuni au mkaa katika majiko ya Tabora
Kuni zinazowaka kwenye mafiga huacha masizi meusi kwenye sufuria na paa, na chembe hizohizo za kaboni, zikipaa angani, hufyonza mwanga wa jua na kuipasha hewa joto kwa siku chache au wiki kadhaa kabla ya mvua kuziangusha. Mkaa hutoa masizi machache sana jikoni, ingawa gesi yake ya sumu haionekani. Hata hivyo, hesabu yake huanzia kwenye tanuri la udongo msituni, ambako methani, gesi inayoongeza joto la dunia, hutoka na sehemu kubwa ya nishati ya mti hupotea. Kwa misitu ya miombo ya Tabora, naona kuni kavu za kuokota, zikitumika kwenye jiko banifu, yaani linalotumia kuni chache, ni afadhali.