Kitako cha bunduki ya mdunguaji mbele ya seremala wa Keko

Mwezi uliopita nilipeleka Keko, Dar es Salaam, kitako cha mbao (sehemu ya nyuma inayoegemezwa begani) cha Lee-Enfield No. 4 Mk I (T), bunduki ya wadunguaji wa jeshi la Uingereza, kitupu, kisicho na chuma chochote isipokuwa skrubu mbili, ili seremala anayesifika kwa kukarabati samani za kale anisaidie kutambua kipi ndani yake ni cha asili na kipi kiliongezwa baadaye. Nilikinunua kwa muuzaji wa vitu vya kale hapa jijini, ambaye aliniapia kuwa kitako na kipande cha kuegemezea shavu havijawahi kutenganishwa tangu Vita Kuu ya Pili. Huduma ilinigharimu shilingi 40,000 na saa mbili za kukaa kwenye kigoda katikati ya vumbi la mninga.

Fundi huyu hajui lolote kuhusu silaha, na hakujifanya anajua. Alianza kwa kufungua skrubu mbili za kipande cha shavu, jambo ambalo muuzaji hakuwahi kulifanya mbele yangu, na hapo hapo maneno ya muuzaji yakaanza kupwaya. Chini ya kipande hicho mbao ya kitako ilikuwa na rangi hafifu, kwa kuwa haikuguswa na jasho wala mafuta kwa miaka mingi, lakini alama hiyo hafifu ilikuwa ndefu kuliko kipande chenyewe kwa karibu upana wa kidole. Matundu ya skrubu yalikuwa yamejazwa njiti na gundi ili skrubu mpya zishike. "Mzee, hizi mbao mbili hazijazeeka pamoja," alisema, kisha akanionyesha kwa lenzi kwamba kwenye kitako rangi imezama ndani ya vinyweleo vya mbao, ilhali kwenye kipande cha shavu imekaa juu juu kama vumbi lililolowa. Kwa maneno mengine, kitako kiliwahi kubeba kipande cha shavu, ila si hiki.

Alama za mihuri zilibaki kazi yangu. Kuanzia mwaka 1942 bunduki zilizochaguliwa kwa shabaha nzuri, nyingi zikitoka kiwanda cha silaha cha BSA cha Shirley, Uingereza, zilipelekwa kwa kampuni ya kutengeneza bunduki ya Holland & Holland jijini London, ambako zaidi ya 20,000 zilifungwa darubini ya kulengea ya Na. 32 pamoja na kipande cha shavu. Kampuni hiyo ilipiga msimbo wa S51 upande wa chini wa kitako, na namba ya darubini ikapigwa juu ya shingo ya kitako, yaani sehemu yake nyembamba ya kushikia. Changu kina vyote viwili, na namba ya kwanza ya darubini imefutwa kwa mstari na nyingine kupigwa kando yake, kama ilivyokuwa pale darubini ilipobadilishwa jeshini. Nilipomwomba fundi atazame mihuri hiyo kama mbao tu, alisema kuwa kingo za tarakimu zimelainika na mafuta meusi yamelala ndani yake, jambo ambalo muhuri uliopigwa juzi hauwezi kuwa nalo, kwani ungeacha nyuzi za mbao zilizovunjika zikiwa bado nyeupe. Kwa maelezo hayo peke yake nisingeona vibaya kulipa mara mbili.

Dosari yake ni moja, nayo ni kubwa. Nilipotoka kidogo kupokea simu nilirudi nikamkuta ameshika msasa, tayari kukisafisha kitako ili akipake vanishi, kwa nia njema kabisa ya mtu aliyezoea wateja wanaotaka makabati yang'ae. Msasa mara mbili tu ungeondoa S51 na thamani yote ya kitu hicho. Mbao hizi za jozi au bichi zilitunzwa kwa mafuta ya kitani, wala hazikujua vanishi.

Atakayekwenda na mbao ya namna hii amwambie fundi mapema kwamba anataka macho yake na si mikono yake, na aende asubuhi, kwa maana banda halina taa ya kutosha na baada ya saa nane mchana tofauti za rangi nilizozieleza hazionekani tena.