Uchambuzi: Rekodi za Quintette du Hot Club de France, 1934 hadi 1939

Karibuni, watazamaji wapenzi. Leo nimeweka mezani mikusanyiko miwili ya rekodi za bendi moja, Quintette du Hot Club de France, iliyokuwa na makao yake Paris na kurekodi nyimbo zake maarufu kati ya 1934 na 1939. Yote miwili ni ya CD, nyimbo zake kwa sehemu kubwa ni zilezile, na kwenye majalada yote mawili mnamwona mtu yuleyule aliyeshika gitaa, yaani Django Reinhardt. Nimeisikiliza kwa muda wa wiki tatu, na mmoja ninaweza kumshauri mtu aununue ilhali mwingine siwezi. Sababu yangu haimhusu Django wala mpiga fidla wake. Inawahusu wapiga gitaa wawili walioketi kando yao, ambao majina yao huandikwa kwa herufi ndogo.

Naomba kwanza tuelewane kuhusu jina. Wengi huuita muziki huu jazi ya Kigipsi, lakini neno Gipsi jamii zinazoitwa hivyo zilipewa na watu wa nje, na wengi wao huliona ni tusi. Django alizaliwa Liberchies, Ubelgiji, mwaka 1910, katika jamii ya Wamanouche, ambao ni tawi la Wasinti, na Wafaransa huuita muziki huu jazi ya Kimanouche. Nitatumia jina hilo.

Bendi yenyewe ilikuwa na watu watano na ala zote zilikuwa za nyuzi: magitaa matatu, fidla, na besi kubwa ya kusimama. Hapakuwa na drams, hapakuwa na tarumbeta, hapakuwa na piano, na hilo lilikuwa jambo geni kabisa katika miaka ambayo jazi kutoka Marekani ilisikika kwa matarumbeta, saksafoni na ngoma. Mwaka 1934 Django na mpiga fidla Stéphane Grappelli walikuwa wameajiriwa katika bendi ya dansi ya Louis Vola, mpiga besi, iliyotumbuiza Hotel Claridge mjini Paris, na wakati wa mapumziko walikuwa wakipiga wenyewe kwa kujifurahisha. Joseph, mdogo wake Django, akajiunga nao kwa gitaa la kusindikiza. Inasimuliwa kwamba baada ya muda Django alilalamika: Grappelli anapopiga solo anasindikizwa na magitaa mawili, lakini zamu yake Django inapofika anabaki na gitaa moja tu nyuma yake. Ndipo akaongezwa Roger Chaput, na bendi ikawa na watu watano. Kwangu mimi kisa hiki kina uzito mkubwa, kwa sababu kinaonyesha kwamba mpiga solo mwenyewe alijua anasimama juu ya nini.

Sasa nifike kwenye kiini cha uchambuzi huu. Mtindo wa kusindikiza wa magitaa hayo Wafaransa huuita la pompe, yaani pampu, na ukiusikiliza vizuri unaona jina limekaa mahali pake. Hesabu pamoja nami moja, mbili, tatu, nne. Katika hesabu ya kwanza na ya tatu nyuzi huachwa zilie kidogo. Katika ya pili na ya nne mpigaji hushusha risha kwa nguvu na hapohapo hulegeza vidole vya mkono wa kushoto bila kuviondoa juu ya nyuzi, hivyo mlio unakatika na kinachobaki ni pigo kavu, fupi, linalofanana sana na la ngoma ndogo ya drams. Magitaa mawili yakifanya hivyo kwa pamoja, na besi ya Vola ikitembea chini yake, huikosi ngoma hata kidogo. Mtu aliyekulia kwenye muziki wetu wa dansi, akizoea kumsikiliza mpiga rithim wa Morogoro Jazz au wa bendi nyingine za zama hizo, atalielewa jambo hili haraka, ingawa neno jazi katika majina ya bendi zetu lilimaanisha dansi na mapigo yake ni tofauti kabisa.

Tatizo la wauzaji wa rekodi hizi linaanzia hapo. Rekodi zote za wakati huo zilitolewa kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo kila upande ulibeba takriban dakika tatu, na santuri hizo zina mchakacho wa sindano usiokwisha. Anayezihamishia kwenye CD hushawishika kuuondoa mchakacho huo kwa kompyuta. Lakini lile pigo kavu la la pompe linakaa katika sauti za juu, palepale unapokaa mchakacho, kwa hiyo ukiufuta mmoja bila uangalifu unaufuta na mwingine. Mkusanyiko wa kwanza, ambao ndio wa bei nafuu, umesafishwa kupita kiasi. Fidla inasikika nyororo, Django anasikika wazi, lakini magitaa ya nyuma yamegeuka kuwa mngurumo laini kama yanapigwa nyuma ya godoro. Nilirudia mara nne wimbo wa Dinah, uliorekodiwa katika kikao chao cha kwanza cha Desemba 1934 kwa kampuni ya Ultraphone, nikajaribu spika na hedifoni tofauti, na kila mara nilisikia wanamuziki wawili hodari wakielea hewani.

Mkusanyiko wa pili umeacha mchakacho. Dakika chache za mwanzo utausumbukia, hasa ukisikiliza kwa hedifoni, lakini sikio huzoea, na baada ya hapo unaanza kusikia risha ikigusa nyuzi. Unasikia pia kwamba magitaa hayo mawili hayafanani kabisa, kwamba mmoja wa wapigaji anakata mlio mapema kuliko mwenzake. Muda wa hakimiliki wa rekodi hizi ulikwisha barani Ulaya miaka mingi iliyopita, na ndiyo maana matoleo ni mengi na ubora wake unatofautiana mno. Msinunue kwa kutazama jalada.

Kuhusu Django mwenyewe nitasema kwa kifupi, kwa kuwa habari zake zimeenea. Mwaka 1928 moto uliunguza gari la kukokotwa alimoishi, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, kile cha pete na kile kidogo, vilipinda visinyooke tena. Solo zake alizipiga kwa vidole viwili vilivyobaki, akivikimbiza kwa urefu wa shingo ya gitaa. Gitaa lake lilitengenezwa na Selmer ya Paris, kampuni iliyojulikana zaidi kwa saksafoni, kwa usanifu wa Mario Maccaferri ulioanza kuuzwa 1932. Magitaa ya kwanza yalikuwa na tundu kubwa lenye umbo la herufi D, na yaliyofuata tundu dogo la duara lililobonyea, ambalo lina sauti kali inayopenya. Mkusanyiko wa pili unakuruhusu kuusikia ukali huo. Grappelli naye ni hodari kwa namna nyingine: wale waliozoea fidla ya taarabu watatambua jinsi anavyouvuta upinde kwa utulivu hata mapigo yanapokuwa ya kasi, na nadhani bila utulivu huo Django angechosha.

Hitilafu moja ya mkusanyiko wa pili sitaificha. Baada ya nyimbo za 1939 wameongeza Nuages ya 1940, na hiyo si bendi ileile. Vita vilipoanza Septemba 1939 walikuwa London. Django akarudi Paris, Grappelli akabaki Uingereza, na Django akaunda kundi lenye klarineti na drams. Wimbo ni mzuri sana, lakini jalada linaahidi magitaa matatu na fidla, na kijitabu cha ndani hakielezi badiliko hilo ipasavyo. Vinginevyo kijitabu ni kizuri: kila wimbo una tarehe ya kurekodiwa na majina ya wapigaji wote watano, jambo ambalo lile toleo la kwanza halikulifanya kabisa.

Ukitaka kujaribu kabla ya kununua, popote unaposikiliza, tafuta Minor Swing ya Novemba 1937. Wapiga rithim humo ni Joseph Reinhardt na Eugène Vées. Kwa mara ya kwanza usimfuate Django. Fuata magitaa ya nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, na kama huwezi kuhesabu mbili na nne kwa kuyasikiliza hayo peke yake, toleo hilo liache. Kisha vumilia mpaka sekunde za mwisho kabisa. Baada ya nyuzi kunyamaza kuna sauti ya mmoja wao inayoshangilia, akisahau au asijali kwamba mashine bado inarekodi. Katika toleo la bei nafuu sauti imepunguzwa mapema na huyo mtu hasikiki. Katika la pili yupo, na mchakacho wa santuri unaendelea kidogo baada yake.